Dramu Kuukuu: Ngozi Kwanza, Rangi Baadaye

Dramu ya bei nafuu, wasikilizaji wapenzi, ndiyo shabaha ya mazungumzo ya leo. Inayozungumzwa hapa ni ile seti ya ngoma tano na matoazi yake inayokaa nyuma ya kwaya kanisani, nyuma ya magitaa katika bendi za dansi, na siku hizi hata kwenye chumba cha kijana anayejifunza. Si dramu ya kifahari inayoonekana kwenye video. Ni ile iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, au iliyokaa stoo miaka, ngozi zimelegea, ringi za kubania ngozi zimeshika kutu, ganda la nje limeanza kubanduka pembeni kama ukurasa wa daftari la zamani. Seti ya namna hiyo hufufuliwa nyumbani, kwa zana ambazo nyingi zinapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ikalia vizuri kuliko ilivyolia siku ilipotolewa kwenye boksi.

Kuliko siku ilipotolewa kwenye boksi? Naam. Kiwanda kinachouza dramu kwa bei ya chini hubana gharama pale ambapo mnunuzi hatazami: kwenye ngozi, kwenye ukingo wa mbao, kwenye nyaya za sneya, na kwenye matoazi. Nje kinabandika ganda linalometameta. Anayefufua dramu hufanya kinyume chake. Huanza na yale yasiyoonekana, na mng'ao huuacha uwe wa mwisho. Neno hili litarudi mara kadhaa kabla kipindi hakijaisha: ngozi kwanza, rangi baadaye.

Kwanza vifahamike vitu vyenyewe. Iko ngoma ya besi, kubwa kuliko zote, inayopigwa kwa mguu. Upana wake mara nyingi ni inchi 22. Ziko tomu mbili za juu, za inchi 12 na 13, zinazokaa mgongoni mwa besi. Iko tomu ya chini yenye miguu mitatu, ya inchi 16. Na iko sneya ya inchi 14, fupi kama sufuria, yenye nyaya chini yake zinazoipa ule mlio mkali wa kuchanika. Vipimo ni vya inchi dunia nzima, kwa hiyo anayekwenda dukani kutafuta ngozi huenda na inchi zake kichwani, si sentimita. Wazee wa pwani wasingeshangazwa sana na mpangilio huu. Ngoma za Waswahili nazo huenda kwa jamii: vumi linanguruma chini, chapuo linadakia juu. Tofauti ni kwamba ngoma ya pwani huchongwa kwenye gogo, ilhali mzinga wa dramu ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa pamoja na kuviringishwa, yaani plaiwudi iliyofanywa duara.

Je, mbao za dramu ya bei nafuu ni mbovu? Hapa pana dhana moja ya kuondolewa. Seti za wanaoanza mara nyingi hutengenezwa kwa mbao laini kama popla, na zile za bei kubwa kwa mbao ngumu zaidi kama mepo na bachi. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko wauzaji wanavyoifanya ionekane. Mzinga wa popla ulio duara kamili, wenye ukingo ulionyooka na ngozi nzuri, utaushinda mzinga wa mepo wenye ngozi iliyochoka. Anayesikiliza kutoka benchi la tatu hasikii jina la mti. Anachosikia kwanza ni ngozi na namna ilivyokazwa.

Kazi huanza kwa kufungua kila kitu. Kabla ya parafujo ya kwanza kulegezwa, picha hupigwa kwa simu: ubavu huu, ubavu ule, ndani, chini ya sneya. Picha hizo zitaokoa saa nzima siku ya kurudisha. Kisha kila ngoma hupewa kopo lake la kuwekea vitu vidogo, nalo huandikwa jina, kwa sababu parafujo za tomu na za besi hazilingani urefu, na zikichanganyika hakuna wa kulaumiwa ila aliyefungua. Ringi zinatoka, ngozi zinatoka, na mwisho vishikizi vya chuma vilivyofungwa ubavuni kwa ndani. Mzinga unabaki mtupu. Hapo ndipo ukaguzi wa kweli unapowezekana. Hutazamwa kama tabaka za mbao zimeachana, kama kuna vitundu na unga mwembamba wa wadudu, kama mzinga umepinda ukawa yai badala ya duara. Tabaka zilizoachana hutiwa gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha. Mzinga uliokuwa yai, au uliokwisha kuliwa na mchwa, haurudi. Bora kuujua mapema, kabla ya pesa kutoka.

Vyuma havihitaji maneno mengi. Kutu ya pwani, inayoletwa na hewa ya chumvi, hukaa kama vidoa juu ya kromi, na dawa yake iko jikoni: kipande cha foili ya aluminiamu kinafinyangwa, kinachovywa kwenye siki au maji, kisha ringi inasuguliwa nacho. Kromi ni ngumu kuliko aluminiamu, kwa hiyo kutu inatoka na kromi haikwaruziki. Stiliwaya ya kusugulia masufuria isikaribie hapo. Ikishang'aa, ringi hukaushwa na kupakwa nta ya gari. Parafujo hulazwa kwenye mafuta ya taa, zikasuguliwa kwa mswaki wa zamani, kisha grisi kidogo, kidogo kabisa, ikatiwa kwenye hesi zake. Parafujo iliyopinda hucheza ikibingirishwa juu ya meza, nayo hubadilishwa. Anayenunua nyingine aende na ya zamani mfukoni, maana viwanda havikukubaliana kuhusu unene wala hesi, na parafujo iliyolazimishwa huua kishikizi chake.

Jambo moja zaidi kuhusu vishikizi. Vingi katika dramu za bei nafuu ni vitupu ndani, na vina springi ndogo. Ngoma inapopigwa, springi hiyo nayo inaimba. Mpigaji husikia mlio mwembamba wa chuma usiojulikana unakotoka, akahangaika na ngozi wiki nzima. Kumbe dawa ni pamba. Donge dogo la pamba au sponji hushindiliwa ndani ya kila kishikizi, na mlio unakoma.

Sasa mazungumzo yanafika mahali penye uzito kuliko pote, napo ni ukingo wa mzinga, ule mdomo wa mbao ambao ngozi inakaa juu yake. Ngozi haigusi mbao mahali pengine popote ila hapo. Katika dramu nyingi za sasa mdomo huo umekatwa mshazari wa nyuzi 45 kwa ndani, ukaacha ncha nyembamba kwa juu. Ncha hiyo ikiwa na bonde mahali fulani, ngozi hukosa pa kulala, na hapo hakuna ufunguo wa kukazia parafujo wala fundi atakayeiweka sawa. Watu wengi wanaosema dramu yao "haishiki sauti" wana tatizo la ukingo, nao hawajawahi kuutazama.

Unatazamwaje? Usiku. Mzinga husimamishwa juu ya meza ya kioo, au juu ya kipande cha marumaru kilichonyooka kabisa. Tochi ya simu huwashwa na kuwekwa ndani, na upande wa juu hufunikwa kwa ubao au nguo nzito. Taa za chumba zinazimwa. Kisha anayekagua anainama mpaka macho yake yawe usawa wa kioo, na kuzunguka meza polepole. Ukingo mzima hautoi kitu. Ni giza tupu. Ukingo wenye kasoro unachora uzi wa mwanga kati ya mbao na kioo, hapa wa urefu wa kidole, pale wa urefu wa kiganja. Mahali pa mwanga huwekewa alama ya penseli ubavuni. Uzi mwembamba sana unaosameheka ni ule usioweza kupitisha hata karatasi ya daftari. Ukipitisha karatasi mbili tatu, kazi ipo.

Kazi yenyewe haitaki nguvu. Karatasi za msasa namba 120 hubandikwa juu ya kioo kile kile mpaka zienee duara lote. Ncha ya ukingo huzungushiwa penseli. Mzinga hulazwa juu ya msasa na kusukumwa kwa mwendo wa duara, mikono ikikaa chini, karibu na msasa, na kila baada ya mizunguko michache mzinga hugeuzwa robo, ili mkono ulio mzito usile upande mmoja. Penseli ikifutika pote, ukingo umenyooka, na kazi inakoma hapo hapo. Anayeendelea kusugua kwa raha anaigeuza ncha kuwa bapa, na ngoma inapoteza ule uwazi wa sauti. Kama bonde ni kubwa, jambo la busara ni kumpelekea seremala mwenye mashine ya ruta akate upya mshazari mzima; si kazi ya patasi na kukisia. Mwisho, ncha hulainishwa kwa msasa mwembamba, kisha mshumaa mweupe hupitishwa juu yake mara moja. Nta hiyo huisaidia ngozi kuteleza na kujipanga inapokazwa.

Angalizo moja lisisahaulike. Upande wa chini wa sneya una mibonyeo miwili myepesi inayotazamana. Hiyo si kasoro. Imewekwa makusudi ili nyaya zilale karibu na ngozi. Anayeisawazisha kwa msasa ameiharibu sneya akidhani anaitengeneza.

Ukingo ukishakuwa tayari, zinafuata ngozi. Kiswahili kimeendelea kuziita ngozi ingawa si ngozi tena. Mpaka miaka ya 1950 dramu ziliwambwa ngozi ya ndama, na wapigaji wa Ulaya na Marekani walikuwa na shida ile ile aijuayo kila mpiga ngoma wa pwani: mvua ikinyesha, ngozi inalegea. Mpiga ngoma wa pwani huwasha makuti na kuipasha ngoma yake moto. Wenzake wa Marekani walipata njia nyingine pale Chick Evans mwaka 1956 na Remo Belli mwaka 1957 walipoingiza sokoni ngozi za plastiki ya poliesta, zisizojali unyevu. Ngozi zenye majina ya wawili hao bado zinauzwa hadi leo, na dramu ya bei nafuu kabisa inaweza kuvikwa ngozi ile ile inayovaliwa na dramu ya bei mara kumi.

Ngozi ipi inunuliwe? Ziko za tabaka moja, zenye unene wa karibu robo milimita, ambazo hulia kwa uwazi na kwa muda mrefu. Ziko za tabaka mbili, ambazo hustahimili mkono mzito na kutoa sauti fupi iliyoshiba. Ziko zilizopakwa utando mweupe wenye kukwaruza, na ziko angavu kama kioo. Kwa dramu ya kanisa, inayopigwa na vijana watano tofauti kwa wiki na kila mmoja ana nguvu zake, tabaka mbili juu ya tomu ni uamuzi wa busara. Sneya hupewa tabaka moja iliyopakwa utando mweupe. Ngozi za chini hazipigwi, kwa hiyo hudumu miaka, na tabaka moja nyepesi hutosha. Ngozi ya chini ya sneya ni ya pekee: ni nyembamba mno, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na kijiti kikiigusa mara moja imekwisha.

Na kama pesa haitoshi seti nzima? Swali hili ni la wengi. Huanza ngozi ya juu ya sneya, maana ndiyo inayofanya kazi karibu kila sekunde ya wimbo. Inafuata ya besi, kisha tomu moja moja. Ngozi za zamani zisitupwe. Ngozi iliyochakaa hukatwa pete ya upana wa sentimita mbili au tatu kutoka ukingoni mwake, na pete hiyo ikiwekwa juu ya ngozi mpya huzima mwangwi uliozidi. Madukani pete kama hizo huuzwa kwa pesa.

Kuna methali isemayo mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Katika dramu, methali hiyo ni kosa la kiufundi. Anayekaza parafujo iliyo mbele yake, kisha ya jirani, kisha ya jirani tena, anavuta ngozi upande mmoja, na upande wa pili unabaki na mikunjo. Njia ni hii. Ngozi hulazwa, ringi juu yake, na parafujo zote hukazwa kwa vidole tu mpaka zigome. Kisha ufunguo hushikwa: nusu mzunguko hapa, halafu nusu mzunguko kwenye parafujo inayotazamana nayo ng'ambo, halafu nyingine, halafu ng'ambo yake, kama anayechora nyota. Parafujo mbili jirani hazikazwi kwa kufuatana. Mikunjo ikishaondoka, kiganja huwekwa katikati ya ngozi na kukandamizwa kwa uzito wa mwili. Itasikika milio ya kukatika. Wasioizoea hushtuka, lakini ngozi haipasuki. Mara nyingi ni gundi ya ile pete iliyoshika ukingo wa ngozi inayojilegeza. Zipo ngozi zisizotoa mlio huo kabisa, nazo ni nzima.

Baada ya hapo ni kazi ya sikio. Kidole kimoja huwekwa katikati kwa wepesi, na kijiti hugonga sentimita tatu hivi kutoka kila parafujo. Inayolia chini ya wenzake hukazwa kidogo, inayolia juu hulegezwa, mpaka zote zizungumze sauti moja. Ngozi ya chini nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Ikilingana na ya juu, ngoma hulia kwa muda mrefu. Ikikazwa kuizidi, sauti huwa fupi zaidi na yenye makali. Hakuna namba ya kukariri hapa. Mwenye haraka atakaza zote mpaka mwisho, na tomu zitalia kama makopo. Tomu hukazwa kuanzia sauti ya chini kwenda ya juu, na sauti nzuri ya kwanza inayopatikana mara nyingi ndiyo yenyewe.

Sneya inadai nyongeza ndogo. Nyaya zake zikiwa zimepinda au zimekatika mbili tatu, hununuliwa nyingine. Bei yake si kubwa, na hakuna badiliko dogo linalosikika haraka kama hilo. Nyaya hufungwa katikati kabisa ya mibonyeo, ncha zote mbili zikiwa umbali sawa kutoka ukingoni, kwa utepe wa plastiki imara badala ya kamba za viatu zinazolegea kila wiki. Nyaya zikikazwa mno sneya hukabwa. Zikilegea hutetema kila gitaa la besi linapolia. Kati ya hayo mawili pana mahali padogo pa kupatafuta kwa subira.

Ngoma ya besi hutaka kunyamazishwa kuliko kusaidiwa. Ikiachwa tupu huvuma kama pipa. Kipande cha sponji la godoro kuukuu, au blanketi lililokunjwa, huwekwa ndani kikigusa ngozi zote mbili kidogo chini. Ngozi ya mbele hutobolewa tundu la inchi nne au tano, pembeni na si katikati, ili hewa ipite na maikrofoni ipate pa kuingia. Wapo wanaokata kwa wembe na kuacha mdomo wenye meno unaochanika baadaye. Njia safi zaidi ni kopo la bati lenye upana unaotakiwa: mdomo wake hupashwa moto jikoni na kubanwa juu ya ngozi, nayo inayeyuka duara kamili lenye kingo laini. Hufanywa nje, penye upepo, kwa sababu moshi wake si wa kuvutwa. Pedali ya kuipigia besi kwa mguu, ambayo asili yake ya kisasa ni ile iliyotolewa na William F. Ludwig huko Chicago mwaka 1909, hutaka mafuta ya cherehani kwenye viungo, nati zilizokazwa, na nyundo yake ya felti kugeuzwa upande mpya.

Ni hapa sasa, ngoma zikishalia, ndipo rangi inaporuhusiwa kuingia. Ngozi kwanza, rangi baadaye. Bila shaka kwa mpangilio wa kazi yenyewe ganda hubadilishwa mzinga ukiwa bado mtupu, kabla ya kuwamba. Linalosemwa ni kwamba pesa na akili vitangulie kwenye ngozi, na kinachobaki kije kwenye rangi. Ganda la zamani la plastiki hutolewa kwa mashine ya kukaushia nywele: hewa ya moto hupitishwa kwenye maungio mpaka gundi ilegee, kisha ganda linavutwa polepole. Moto wa kibiriti au wa jiko usikaribie, maana baadhi ya maganda ya kale hushika moto vibaya.

Mzinga uliovuliwa ukiwa na mbao safi, msasa na vanishi vinatosha. Ukiwa na viraka, kama unavyokuwa mara nyingi, rangi ya kupulizia itavionyesha vyote. Rangi inayong'aa haifichi siri. Kitambaa kinaficha. Na kwa kitambaa, nani ana utajiri kuliko watu wa kanga na vitenge?

Hesabu yake ni nyepesi: upana wa ngoma mara tatu na kitu. Tomu ya inchi 12 ina mzingo wa karibu sentimita 96, ya inchi 13 sentimita 104, ya inchi 16 sentimita 128. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu, kwa hiyo inazunguka tomu yoyote na kubakisha cha kupandia. Besi ya inchi 22 ina mzingo wa sentimita 176, na hapo kanga moja haifiki hata ikivutwa. Hutumika kitenge, ambacho hukatwa kwa urefu, au vipande viwili vya kanga vyenye maungio upande wa chini ambako hakuna anayetazama. Kwa tomu na sneya, doti moja inatosha ikikatwa kwa akili: mji wa kanga kwenye tomu ya chini, pindo kwenye zile ndogo. Na jina? Jina la kanga likizungushwa mbele ya tomu ya chini litasomwa na ukumbi mzima, kwa hiyo lichaguliwe kwa adabu. Kanga zenye mafumbo ya majirani zibaki nyumbani.

Kanga mpya hufuliwa kwanza, kwa sababu ina wanga wa kiwandani na huweza kuchuja rangi, kisha hupigwa pasi. Gundi nyeupe ya mbao huzimuliwa kwa maji kidogo na kupakwa kwenye mzinga kwa brashi, kitambaa kikalazwa kuanzia upande utakaokuwa nyuma, na viputo vya hewa vikasukumwa nje kwa kadi ya simu ya zamani. Hukaushwa siku nzima. Vanishi ya maji hufuata, mikono mitatu, msasa mwembamba kati ya mkono na mkono. Kitambaa hakifiki ukingoni. Milimita tatu au nne za mwisho huachwa wazi juu na chini, kwa sababu pete ya ngozi hupita hapo, na unene wa kitambaa na vanishi ukiigusa, ngozi itakwama na kazi yote ya ukingo itakuwa bure. Matundu ya vishikizi hufunguliwa kwa ncha ya kisu kutoka ndani, na tundu la hewa ubavuni lisizibwe.

Yamebaki matoazi, na habari yao ni fupi na si njema sana. Matoazi ya seti za bei nafuu mara nyingi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na hakuna kung'arisha kutakakoyafanya yalie kama yale ya shaba na bati. Hapo, hata seti ikiwa nzima, kufufua hakusaidii. Pesa huwekwa akiba na mapya kununuliwa moja moja, haihati, yaani jozi inayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, ikitangulia. Kinachowezekana ni kuyalinda. Toazi lisigusane na chuma cha stendi. Kipande cha mpira wa dripu huvalishwa kwenye ncha ya stendi, na washa hukatwa kutoka soli ya ndala iliyokatika, moja chini na moja juu. Nati ya juu isikazwe hadi mwisho, maana toazi lisiloyumba hupasuka. Likishapasuka kidogo ukingoni, tundu dogo hutobolewa kwa keekee mwishoni mwa ufa, nao husimama kwa muda.

Ngozi mpya hulegea katika siku za mwanzo, kwa hiyo baada ya ibada au maonyesho mawili matatu ufunguo hupitishwa tena kwenye kila parafujo, kwa mtindo ule ule wa nyota. Nao ufunguo wenyewe, wasikilizaji, ufungwe kwa kamba kwenye stendi ya haihati, kwa sababu katika kila seti ya dramu ndicho kifaa kinachopotea kwanza.